Kikopo Namba Tatu

Dada yangu ukimwuliza ni saa ngapi, hakwambii karibu saa nne. Atakwambia saa tatu na dakika hamsini na saba, halafu atakutazama kama wewe ndiye uliyechelewa. Ndivyo alivyo tangu utotoni. Mama akimtuma ahesabu kuku walioingia bandani, alikuwa anarudi mara ya pili kuhakikisha, maana huenda mmoja kajibana nyuma ya mwenzake. Mimi nikitumwa nilisema "wote," basi, yamekwisha. Mtu wa namna yake ukimpa hadubini umemfikisha, na alipewa. Miaka thelathini na moja alikaa katika chumba cha mwisho cha zahanati, dirisha moja, sinki moja, kiti kilichofungwa mguu kwa plasta ya vidonda, akitazama vinyesi vya watu. Mtaani wanamwita Bi Kikopo, kwa sababu ndiye anayekukabidhi kile kikopo chenye mfuniko mwekundu na kukwambia mbele ya watu bila haya: "Kiasi cha punje ya harage kinanitosha. Usinijazie."

Mimi ni muuza nyama. Nina hasira za karibu, sikatai, na mambo ya kitaalamu yananivuruga kichwa. Nipe paja la ng'ombe nitakutenganishia kila msuli nikiwa nimefumba macho. Nipe karatasi ya daktari, nitaishika juu chini.

Miaka sita iliyopita binti yangu alikuwa na miaka tisa. Tunamwita Kasuku, kwa ajili ya mdomo. Alikuwa akiamka anaongea na akilala anaongea. Asubuhi moja tupo mezani, ananisimulia ugomvi wa madaftari shuleni, akanyamaza katikati ya neno. Kijiko kikaanguka. Macho yakapanda juu, mikono ikakakamaa, akateleza kutoka kwenye kiti akaanza kutetemeka sakafuni. Mke wangu alipiga kelele mimi nikasimama tu. Naona aibu kusema, lakini nilisimama na kikombe mkononi kama nguzo. Wiki ile alianguka mara nne. Shule ikamrudisha nyumbani. Jirani mmoja akaja kutupa pole akasema ni pepo, nikamfukuza na pole yake.

Tukaenda hospitali kubwa, akapigwa picha ya kichwa. Daktari akaiweka kwenye taa, akaonyesha kwa kalamu. "Mnaona hivi vidoa? Ni vifuko. Ndani ya kila kimoja kuna buu la mnyoo tegu. Tegu wa nguruwe."

"Rudia hapo," nikasema.

Akarudia.

"Daktari, nyumbani kwangu nguruwe haingii hata kwenye picha ya kalenda. Mimi nauza ng'ombe na mbuzi. Umechanganya faili!"

Mke wangu akanivuta shati nikae. Kisha, tukiwa nje kwenye benchi, akaniuliza polepole, macho kwangu: "Baba Kasuku, wewe uliwahi kula?"

"Mimi? Haki ya Mungu, sijawahi."

Nilikuwa nimekula, jamani. Si mara moja. Mnada wa ng'ombe ninakonunulia uko mbali, na wachuuzi wa kule jioni huchoma nguruwe juu juu, nje kumeungua na ndani bado kwekundu, na harufu yake inakuita kwa jina. Kila nilipokwenda nilikula. Nyumbani kwetu ni mwiko, mke wangu asingenisamehe, nikaona mambo ya mnadani yabaki mnadani. Tena mtoto hakuwahi kufika kule. Nyama niliyokula mimi itaingiaje kwenye kichwa chake? Ndiyo maana niliapa na usingizi ukanijia.

Jumapili ile dada akaja kama kawaida yake. Alikuwa anakula kwetu kila Jumapili, na kazi yake ilikuwa kukata matunda, vipande vinavyolingana kama vimepimwa kwa rula. Nikamvaa kabla hajakaa. Nieleze, wewe ndiye mwenye minyoo.

Akasogeza sahani pembeni. "Sikiliza vizuri. Ukila nyama yenye vifuko, haijaiva, buu linatoka, linajishika kwenye utumbo wako na kuwa tegu mzima. Mrefu kama utepe, mita kadhaa. Yuko wa ng'ombe na yuko wa nguruwe. Wa samaki pia yupo, huyo tumwache. Anaangusha pingili, na kila pingili imejaa mayai. Mayai yanatoka na choo. Ng'ombe au nguruwe akiyala na majani, yanakuwa vifuko kwenye nyama yake. Tumerudi tulikoanza."

"Hapo nimekupata. Sasa mtoto alikula nyama gani?"

"Hakula nyama. Alikula mayai."

"Mayai ya kuku?"

"Mayai ya tegu, wewe! Mayai ya tegu wa nguruwe yana balaa lake. Yakiingia kwenye mdomo wa mtu, yanadhani mtu ndiye nguruwe."

"Yanadhani nini?"

"Yanadhani yamefika. Yanapasuka, kidudu kinatoboa utumbo, kinaingia kwenye damu, kinakwenda kukaa kwenye misuli, kwenye jicho, kwenye ubongo. Kinajifunga kifuko, kinasubiri kuliwa."

"Na nani?"

"Ndiyo hivyo. Na nani. Hakuna wa kumla mtoto. Kifuko kinakufa humohumo, na hapo ndipo mtoto anaanza kuanguka."

Kichwa changu kikawa kizito kama ndoo ya mifupa. Asiyekula nguruwe anapata mnyoo wa nguruwe, na aliyekula anatembea barabarani mzima. Nikamwambia haiingii akilini. Akasema haijali kama inaingia.

"Basi mayai yalitoka wapi?" mke wangu akauliza.

"Kwa mtu. Mtu mwenye huyo mnyoo tumboni, ambaye mikono yake inagusa chakula cha mtoto. Anaweza asijijue."

Tulikuwa watatu pale mezani, na Kasuku kwenye mkeka. Kila mmoja akatazama mikono yake. Damu ikanichemka, nikapiga meza mpaka glasi zikaruka. "Nikimjua aliyemfanyia mwanangu hivi, haki ya nani, sitamtazama usoni mpaka nafukiwa!"

Dada akasimamisha glasi. Akatoa vikopo vinne kwenye mkoba, akaviandika namba kwa kalamu ya wino mzito. Moja kwa mke wangu, mbili kwa Kasuku, tatu kwangu. Namba nne akairudisha mkobani. "Hii yangu. Na mimi nala hapa, na mimi ndiye mkata matunda. Siku tatu mfululizo, kila mtu. Tegu haangushi mayai kila siku."

Siku ya tatu akanipigia simu niende zahanati, peke yangu.

"Kikopo namba tatu kina mayai ya tegu," akasema.

Nikakaa kwenye kile kiti cha plasta. "Wa nani? Wa ng'ombe au wa yule mwingine?"

"Mayai hayasemi. Ya wa ng'ombe na ya wa nguruwe ni sura moja, hata mimi siwezi kuyatofautisha. Nataka pingili. Umewahi kuona vipande vyeupe, bapa, kama tambi zilizokatwa?"

Nilikuwa nimeviona miezi. Mwanaume ataanzia wapi kusema? Nikatikisa kichwa kukubali.

"Vinatembea vyenyewe au vinalala tu?"

"Maswali gani haya, dada?"

"Jibu."

"Vinalala."

Akaandika. Sikuelewa kwa nini aandike jambo kama hilo, nikadhani ni ule ugonjwa wake wa kuandika kila kitu.

Nikamletea pingili kwenye kikopo kilekile. Akavaa glavu mbili, akanigombeza nisiguse meza. Alinieleza kwamba ataibana kati ya vioo viwili, ataipaka rangi, na ndani kutaonekana shina katikati na matawi pembeni, ambamo mayai hukaa. Yanahesabiwa ya upande mmoja. Akanionyesha kioo cha zamani cha kufundishia nikiinue dirishani na lenzi ya mkono. Mwanzoni niliona kope zangu tu. Halafu nikaona.

"Aa, kumbe ni mbavu!"

Akacheka. Dada yangu hacheki ovyo. "Sawa, ni mbavu. Ng'ombe ana mbavu ngapi upande mmoja?"

"Kumi na tatu."

"Basi shika hilo. Zikizidi za ng'ombe, tegu ni wa ng'ombe. Zikipungua, ni wa nguruwe. Zikiwa kumi na tatu kamili, natafuta pingili nyingine na wewe unanyamaza. Kichwa chake tukikipata ni bora zaidi, maana wa nguruwe ana kulabu, kama hizo zako za kutundikia nyama, na wa ng'ombe ni kipara. Lakini kichwa hakipatikani kirahisi."

Siku nne nilikata nyama kama kipofu. Mteja anataka nyama ya supu nampa maini. Nikiona mbavu zinaning'inia, nahesabu. Wa ng'ombe nilikuwa naye radhi. Mayai yake hayamdhuru mtu, dada alishasema, yanamtaka ng'ombe tu. Lakini yule mwingine! Kama ni yule mwingine, basi mikono hii iliyokuwa inammenyea Kasuku chungwa ndiyo iliyomlaza sakafuni. Niliomba nikiwa nimesimama, kisu mkononi, bucha limejaa watu.

Alhamisi nikaenda. Dada alikuwa kwenye sinki, mgongo kwangu, ananawa, maji yamefunguliwa mpaka mwisho.

"Kumi na nane," akasema. "Wa ng'ombe."

"Umesema?"

"Kumi na nane. Meza dawa hizo mezani. Nenda nyumbani."

Nilitaka kumnyanyua juu. Sikushangaa kwamba hakunigeukia. Sikushangaa kwamba yeye, anayekuonyesha kitu mara tatu ndipo akuamini umekiona, siku ile hakunionyesha kioo. Nilimeza dawa nikatoka napiga mluzi.

Kumbe furaha yangu ndiyo iliyomwumiza mke wangu. Mimi nimetoka, mtoto katoka, wifi mtu wa maabara nani angemshuku, basi kabaki yeye, ndivyo alivyoona. Kikopo chake kilikuwa safi lakini hakuamini. Akapeleka kingine, na kingine, mpaka saba. Akaanza kunawa mikono kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikapasuka. Akaacha kumsuka Kasuku. Chakula akimpa anamnyooshea sahani kwa mbali, kama anamlisha mbwa mkali. Kasuku alikuwa ameanza dawa na kuanguka kumepungua, lakini mdomo wake wote ulikuwa umekufa. Jumapili moja, shangazi yake yupo, akauliza, "Mama, nanuka?" Mke wangu akakimbilia chumbani, akalia mpaka akatapika.

Hayo dada aliyaona Jumapili ile. Jumapili iliyofuata akaja, hakukaa. Alisimama mlangoni na mkoba begani.

"Ni mimi," akasema. "Kikopo namba nne. Pingili yangu ina mbavu tisa. Nimeshakunywa dawa, mnyoo katoka. Wifi, mikono yako ni safi. Msuke mtoto."

Mke wangu akaitazama mikono yake. Mimi je? Mimi nilisimama, na zile mbavu zangu kumi na nane kifuani kama nishani, nikamwambia toka. Nikamwambia asikanyage tena. Dada yangu, aliyenibeba mgongoni! Akageuka, akatoka, akafunga mlango taratibu.

Miezi minane sikumsemesha. Tulipokutana njiani nilitazama viatu vyangu. Nilichanganyikiwa, nisiseme uongo. Mtu anayenawa mpaka kwenye viwiko, asiyeonja mboga jikoni bila kijiko kipya, alikula wapi nguruwe, lini, na nani? Nilijiuliza nikakosa jibu, nikaona hasira ni nyepesi kuliko maswali. Ni Kasuku aliyemrudisha. Alikuwa amepona kiasi cha kurudi kwenye makelele, akagoma kula mpaka shangazi yake aje. Akaja. Lakini tangu siku hiyo, kila Jumapili, mke wangu kabla ya wifi yake kuingia alikuwa anatoa kisu cha matunda mezani na kukiweka kwenye droo. "Kaa tu wifi, nitakata mwenyewe." Dada anakaa, mikono mapajani. Zaidi ya miaka mitano hiyo.

Ijumaa iliyopita amestaafu. Nilikwenda na mkokoteni kumbebea vitu. Yeye alikuwa ofisini kwa mganga mkuu anakabidhi funguo, akaniacha nishushe madaftari ya kabatini ili mrithi wake ayakute mezani. Juu ya madaftari kulikuwa na sanduku la mbao la vioo. Nikafungua kwa udaku tu. Kila kioo kina karatasi yenye mwandiko wake, namba na tarehe. Nikaona namba tatu, na tarehe ya mwezi ule ambao siwezi kuusahau. Nikacheka. Nikasema ngoja nimsalimie ng'ombe wangu. Nikachukua lenzi, nikainua kioo dirishani.

Nikahesabu. Tisa.

Nimeruka, nikasema. Nikaanza chini kupanda juu. Tisa. Mimi mbavu nazihesabu tangu nina miaka kumi na tisa, sikosei mbavu. Nikadhani nimeshika kioo cha dada, labda namba imefifia. Nikatafuta namba nne sandukuni, kimoja kimoja. Hakuna namba nne. Nikavuta daftari la mwaka ule, nikapekua mpaka mwezi wetu, na pale palikuwa na mistari yetu minne kwa wino wa bluu. *Namba 3: mayai ya tegu. Pingili haijongei. Matawi 9. Tegu wa nguruwe. Daktari amearifiwa.* Chini yake: *Namba 4: siku ya kwanza hakuna, siku ya pili hakuna, siku ya tatu hakuna.*

Niliusoma ule mstari mpaka herufi zikaacha kuwa herufi. Akili haikukaa. Nilikuwa natafuta mahali alipokosea, wallahi, nilitamani akosee, mara moja tu katika maisha yake.

Mlango ukafunguka. Akaniona, akaona lenzi, akaona daftari. Hakushtuka. Akaweka mkoba chini.

"Umehesabu upande mmoja?" akauliza.

"Upande mmoja."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Hesabu ya tatu."

Nikainua kioo tena. Akanishika kiwiko. "Tisa," nikasema.

"Basi umehesabu sawasawa."

"Dada, kwa nini?"

Akachukua kioo, akakifuta alama za vidole vyangu. "Ulisema huyo mtu hutamtazama usoni mpaka ufukiwe. Nikawaza, sasa huyu atanyoaje ndevu?"

Nililia pale, mtu mzima, juu ya daftari, na yeye akalivuta daftari pembeni lisilowe. Nikamwambia nilimfukuza. Akasema anakumbuka, ilikuwa saa saba na dakika kumi. Nikamwambia nitamweleza mke wangu leo hii. Akasema nisiwe mjinga, mtoto kapona, dawa ameacha, nyumba imetulia, nifukue nini? Mpaka sasa sijui kama yeye ndiye mwenye akili au mimi.

Nilipakia masanduku, tukaenda kwangu. Kioo namba tatu nilikuwa nimekitia mfukoni mwa shati. Mke wangu alikuwa ametengeneza meza kumpongeza wifi yake, na papai kubwa katikati. Tulipoingia, nikaona mkono wake unatoa kisu na kukipeleka kwenye droo, bila hata kufikiri, kama mtu anayezima taa. "Kaa tu wifi, nitakata mwenyewe."

Dada akakaa, mikono mapajani. Akanitikisia kichwa, kidogo sana, ananikataza.

"Mama Kasuku," nikasema. Nikaweka kioo mezani. "Namba nne ilikuwa safi. Mnyoo ulikuwa wangu. Nilikula, mnadani, miaka. Wifi yako hajawahi kuwa na kitu."

Kasuku ana miaka kumi na mitano sasa, na ilikuwa mara ya kwanza tangu apone kumwona ananyamaza mwenyewe. Alimtazama shangazi yake, akanitazama mimi, akatazama kile kioo.

"Uliapa," mke wangu akasema.

"Niliapa."

Akasimama, akafungua droo. Kwa dakika moja sikujua kisu kinaelekea wapi. Akakifuta kwa kanga yake, akakiweka mbele ya dada, mpini kwanza. "Wifi," akasema. "Wifi yangu, kata."

Dada akakata. Vipande kumi na viwili, akavihesabu, akavihesabu tena. Mke wangu alikula cha kwanza kutoka mkononi mwake huku machozi yanamdondoka.

Leo ni siku ya tano. Chai napewa, chakula napewa, shati langu limepigwa pasi. Ananinyooshea sahani huku anatazama ukuta. Na mimi kioo cha bafuni nimekigeuza, asubuhi nanyoa ndevu kwa kupapasa.